Mkono wa Chuma na Mpigaji Aliye Peke Yake

Miongoni mwa michezo ya mpira inayochezwa duniani, besiboli ya Wamarekani ni katika ile ambayo mtu hawezi kuipata sehemu yake iliyo kuu pasipo kuwa na mwenziwe; kwani mwenye kutaka kujizoeza mbio hukimbia peke yake, na mwenye kutaka kujizoeza kutupa hutafuta ukuta akautupia mpira mpaka jua likachwa, ama mwenye kutaka kujizoeza kupiga hana budi awe na mtu wa kumletea huo mpira, na mtu huyo lazima awe na subira, na nafasi, na mkono usiochoka upesi. Haja hiyo ndiyo iliyozaa chombo ninachokusudia kukichambua hapa, nacho ni mashine ndogo iwekwayo chini karibu na mpigaji, ikamrushia mipira mmoja mmoja, kwa upole, kutoka chini kwenda juu, ili naye aipige kwa gongo lake iingie wavuni, bila ya kumsumbua baba wala ndugu wala mwalimu. Watu wengi hukihesabu kuwa ni kitu cha watoto. Mimi naona kwamba ndani yake mna suala zima la namna mwili unavyojifunza kazi ngumu, na namna chombo kinavyoweza kuisaidia elimu hiyo au kuipotosha, na kwa hiyo nitalifuata suala hilo taratibu.

Yafaa msomaji ambaye hajauona mchezo huu aujue kwanza ugumu wa tendo lenyewe. Mrushaji husimama juu ya tuta dogo, mbali na mpigaji kwa futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.44, umbali uliowekwa mwaka 1893 na usiobadilika tangu hapo, na kutoka hapo hutupa mpira wenye uzito wa gramu 145 hivi, uliovikwa ngozi na kushonwa mishono 108. Mrushaji stadi huutupa kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa, na ukishatoka mkononi mwake hufika kwa mpigaji kwa muda wa sehemu nne za kumi za sekunde. Katika muda huo, ambao mtu hawezi hata kulitamka jina lake na la babaye, mpigaji yampasa auone mpira, akadirie utakapopita, akate shauri la kuupiga au kuuacha, kisha alizungushe gongo ambalo unene wake hauruhusiwi kuzidi inchi 2.61, na maadamu gongo ni la mviringo na mpira ni wa mviringo, kosa la upana wa kidole latosha kuligeuza pigo zuri likawa mpira wa kupaa bure hewani au wa kubingirika miguuni. Vitu viwili hivyo vikigusana, mguso wao ni wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ted Williams wa Boston, ambaye mwaka 1941 alimaliza msimu kwa wastani wa mapigo wa .406, na ambaye tangu siku hizo hakutokea mwingine katika ligi za American na National wa kuufikia wastani wa .400, aliandika kitabu kizima juu ya elimu ya kupiga, na alishikilia maisha yake yote kwamba hakuna tendo gumu kulipita hilo katika michezo. Na hata huyo, bingwa wa mabingwa, msimu huo alishindwa takriban mara sita katika kila mara kumi.

Kwa kuwa tendo ni gumu hivyo, walimu wameyagawa mafunzo yake katika daraja. Daraja ya chini kabisa ni kigingi cha mpira laini kisimamishwacho wima, kikaushika mpira mahali pamoja bila kutikisika, ili mwanafunzi aujue mwendo wa mikono na kiuno chake kabla ya kushughulishwa na mwendo wa kitu kingine. Branch Rickey, aliyeongoza timu ya Dodgers, alivitumia vigingi hivyo, pamoja na mashine za kurushia, katika kambi ya Vero Beach huko Florida ambako timu yake ilianza kujizoeza mwaka 1948, na wala hakuona aibu kuwatia wachezaji wakubwa mbele ya kijiti. Daraja ya juu kabisa ni mrushaji halisi, mwenye hila na mwenye nia ya kumshinda mpigaji. Baina ya daraja hizo mbili ndipo ulipo mrusho wa upole, na huo ndio unaotuhusu.

Namna ya mrusho wa upole ni hii. Mwalimu huipindua ndoo akaikalia, hatua mbili tatu mbele ya mpigaji na kwa upande, mshazari, mahali ambapo mpira uliopigwa hauwezi kumrudia. Ndoo ya pili iliyojaa mipira huwa karibu na mkono wake. Huchukua mpira, akamwonyesha mpigaji, akaushusha mkono kidogo kama mtu anayepima uzito wa embe sokoni, kisha akauinua na kuuachia. Mpira huenda polepole, hufika kimo cha kiuno au kifua, na pale juu, kabla ya kuanguka, gongo huukuta. Msomaji alitie maanani lile tendo dogo la kuushusha mkono kabla ya kuuinua, kwa sababu hukumu yangu juu ya chombo hiki yote imesimama juu yake, na nitalirejea.

Fikra ya kumweka mtu wa chuma mahali pa mtu wa nyama ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Waingereza, ambao kriketi yao ina udugu na besiboli, na ambayo watu wa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Unguja wameizoea kwa kuiona ikichezwa katika viwanja vyao, walikuwa na mashine iitwayo Catapulta katika karne ya 19, kazi ya Nicholas Wanostrocht, mwalimu wa shule aliyecheza kwa jina la Felix. Na jina hilo la mashine lakumbusha ile mitambo ya vita ya watu wa kale iliyokuwa ikivurumisha mawe juu ya kuta za miji. Upande wa Marekani, mwaka 1897, Charles Hinton, mwanahesabu Mwingereza aliyekuwa akifundisha Princeton, yule yule aliyejulikana kwa maandishi yake juu ya upande wa nne wa maumbile, alitengeneza mzinga hasa, wa kurusha mpira kwa nguvu za baruti, na akautia vidole kwenye mdomo wake ili mpira utoke ukizunguka na kupinda njiani. Akili iliyomo katika kazi ile ni kubwa mno, ila wachezaji waliuogopa, wala si ajabu, kwani mtu anayejifunza kusimama imara mbele ya mpira hafundishiki ikiwa kila mara husikia mlipuko na kuona moshi. Ilipita nusu karne na zaidi kabla ya kupatikana mashine zilizoenea: mwaka 1952 Paul Giovagnoli alitoa ile yenye mkono wa chuma unaozunguka na kuvurumisha, na mwaka 1971 John Paulson wa Oregon akatoa yenye magurudumu mawili yanayozunguka kwa kupingana, mpira ukapenyezwa kati yao na kutemwa kwa kasi, na gurudumu moja likiongezwa mwendo kuliko jenziye, mpira hutoka na mzunguko wa kupinda kama uliorushwa na fundi.

Mashine zote hizo, tangu mzinga wa Hinton, zilikusudiwa kumwiga mrushaji, yaani adui. Chombo chetu hakimwigi adui; chamwiga yule mwenzi aliyekaa juu ya ndoo. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua jinsi chombo kitakavyoundwa, na jinsi kinavyostahili kupimwa, na wengi wanaokisifu au kukilaumu hawaitazami.

Tuanze na nguvu zake. Ili mpira wa gramu 145 utoke chini ufike kimo cha mita 1.2, hutaka nishati ya jouli 1.7 tu, ilhali mpira uliotupwa kwa kilomita 145 kwa saa huwa umebeba jouli 118 hivi, yaani mara 70 ya ile. Ndiyo sababu mashine ya kumwiga mrushaji ina uzito wa kumshinda mtoto, na hutaka umeme wa nyumba, na huuzwa kwa bei ya kutisha, hali hii yetu huendeshwa kwa betri na kubebwa kwapani. Lakini iko hesabu nyingine iliyo nzuri zaidi. Mpira uliorushwa juu hupungua mwendo kadiri unavyopanda, na ukifika kileleni husita, ndipo ukaanza kushuka. Na mwenye kuhesabu ataona kwamba katika sentimita tano za mwisho za kilele hicho, kupanda na kushuka, mpira hukaa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Kwa muda huo huo mpira wa mrushaji stadi huwa umekwenda mita nane. Basi mrusho wa upole humpa mwanafunzi kitu kisichopatikana popote pengine katika mchezo huu, nacho ni mpira ulio hewani, wenye uhai, usioshikwa na kijiti, na ambao hata hivyo humngoja kidogo.

Sasa natukiangalie chombo chenyewe kwa karibu. Katika aina iliyo ya kawaida mna mota ndogo ambayo magurudumu ya meno huipunguza mbio na kuizidishia nguvu, mpaka ikapatikana ekseli inayozunguka polepole. Juu ya ekseli hiyo kimefungwa kipande kisicho duara kamili, kilichochongwa mfano wa gamba la konokono, kikianza chembamba na kuzidi kuwa kipana mpaka kikafika mahali kinapokatika ghafula. Kipande hicho huusukuma wenzo mfupi, na wenzo huivuta kamani. Mipira imejipanga juu ya kijia cha mteremko, mmoja nyuma ya mwingine, na wa mbele huteremka kwa uzito wake mwenyewe ukatua katika kikombe kilicho mwisho wa wenzo. Kamani huzidi kukazika. Mlio wa mota huwa mzito, kama wa cherehani inayopita juu ya pindo nene. Kisha gamba la konokono hufika kwenye ukingo wake, wenzo hauna tena wa kuuzuia, kamani hujikunyata mara moja, na mpira umekwisha kuwa hewani. Baada ya hapo mlio huwa mwepesi tena, na mpira wa pili hubingirika kikombeni. Chombo kizima hakina sehemu ambayo fundi wa saa au wa baiskeli angeshindwa kuifahamu kwa kuitazama mara moja, na hilo ni jambo la kukisifia, kwa sababu kitu cha mtoto chenye kutengenezeka nyumbani hudumu kuliko kile kinachopelekwa dukani kila kikiharibika.

Lakini ndani ya mlio ule mna ila ambayo sijawaona wauzaji wakiitaja. Mwanafunzi akikaa na chombo siku chache, sikio lake hujifunza kabla ya jicho. Huusikia mlio ukizidi uzito, akajua kwamba mpira wakaribia, naye huanza kulitikisa gongo kwa kuufuata mlio wala si kwa kuufuata mpira. Uwanjani hakuna mlio wowote wa kumwambia kwamba mrushaji yu tayari. Kile alichokuwa akikipata kwa mwalimu juu ya ndoo kilikuwa ni ishara ya macho, ule mkono unaoshuka kidogo kabla ya kuinuka, na ishara hiyo ni ndugu wa ile atakayoikuta mchezoni, kwa sababu mrushaji halisi naye huinua goti, huunyoosha mwili, huupeleka mkono nyuma kabla ya kuuleta mbele. Hubbard na Seng, walioyachunguza mapigo ya wachezaji wa kulipwa kwa picha za sinema na kutangaza utafiti wao mwaka 1954, waliona kwamba mpigaji huanza kupiga hatua yake wakati ule ule mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, kisha huirefusha au kuifupisha hatua hiyo kwa kadiri ya mwendo wa mpira. Maana yake ni kwamba mpigaji hucheza na mwili wa mrushaji kabla hajacheza na mpira. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mnunuzi angepasa kuliuliza si la idadi ya mipira ambayo chombo huchukua, wala la siku ambazo betri hudumu. Angeuliza: chombo hiki kinanipa dalili gani kabla ya kurusha, nami naipata kwa jicho au kwa sikio? Chenye wenzo unaoonekana waziwazi ukishuka kabla ya kupanda ni bora kuliko chenye kuuficha ndani ya sanduku, hata kama sanduku ni zuri na limepakwa rangi. Taa ndogo inayowaka kabla ya mrusho ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila haiufikii wenzo wa dhahiri, kwani taa huwaka na kuzima tu, haina mwendo wa kufuatwa.

Iko aina ya pili, rahisi zaidi, isiyo na mota wala betri: ubao ulioegemezwa juu ya kizuizi, upande mmoja una kikombe cha mpira, upande wa pili hukanyagwa kwa mguu na mpigaji mwenyewe. Hukanyaga, mpira huruka, naye hupiga. Wazee huipenda kwa urahisi wake, na watoto huipenda kwa sababu mpira huja wanapoutaka wao. Mimi siipendi hata kidogo kwa mtu anayetaka kujifunza kwa dhati. Mguu unaokanyaga ndio ule wa mbele, ambao katika pigo la kweli una kazi yake maalumu: hunyanyuka kwa wepesi, husogea, hutua kwa ncha za vidole bila ya uzito wa mwili kuukimbilia, ili nguvu zibaki nyuma mpaka wakati wa kuzitoa. Hapa mguu huo huo waambiwa ukandamize kwa nguvu mapema, na uzito wote wa mwili huufuata. Mtoto akifanya hivyo mara mia kwa siku, huwa amejifundisha kosa moja mara mia. Fauka ya hayo, mtu anayeuita mpira mwenyewe hajifunzi kungoja, na kungoja ndio nusu ya kazi ya mpigaji.

Juu ya nafasi baina ya mpira na mpira kuna maneno pia. Chombo kikirusha kila baada ya sekunde saba, mathalan, mipira 50 huisha kwa muda usiotimia dakika sita. Mwenzi aliye juu ya ndoo humwona mpigaji akijifuta jasho, au akirekebisha namna alivyolishika gongo, naye huuzuia mpira mkononi. Mashine haina macho ya kuona hayo, hurusha tu, na mpigaji aliyechelewa hukimbilia pigo asilokuwa amejiandaa nalo. Ndiyo maana nashangaa watu wanapolalamika kwamba vyombo hivi huchukua mipira michache, kumi na kitu, kisha mtu hulazimika kuacha kupiga akainama kuiokota. Kuinama huko ni rehema. Ndipo mapigo ya moyo hutulia, na ndipo mtu akauliza nafsini mwake kwa nini mitatu ya mwisho ilikwenda kushoto. Ningekuwa mwenye kuunda vyombo hivi, nisingezidisha kijia cha mipira hata kwa mmoja.

Nimefika sasa penye mgogoro ulio mkubwa kuliko yote, nao wahusu kila mashine ya mazoezi, ndogo na kubwa. Sifa ya mashine ni kwamba hairushi vibaya: mpira wa kwanza na wa mia hupita njia moja, kwa kimo kimoja. Sifa hiyo ndiyo hatari yake. Mwaka 1994 watafiti watatu, Hall, Domingues na Cavazos, walitangaza jaribio walilolifanya kwa wachezaji 30 wa chuo katika jimbo la California, ambao kwa wiki sita walipewa mazoezi ya ziada ya kupiga mara mbili kwa wiki, mipira 45 kila mara. Kundi moja lilirushiwa mipira 15 ya aina moja, kisha 15 ya pili, kisha 15 ya tatu; kundi jingine lilirushiwa aina hizo hizo tatu zikiwa zimechanganywa, bila mpigaji kujua ipi inakuja; kundi la tatu halikupewa ziada yoyote. Ulipofika mtihani, waliochanganyiwa walikuwa wamezidi kwa asilimia 57, waliopangiwa kwa asilimia 25, na wasiopewa kitu kwa asilimia 6. Huo ni ushahidi mzito dhidi ya chombo kinachorusha mpira mmoja siku zote. Na upande wa kriketi, utafiti wa Renshaw na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mpigaji anayekabiliana na mashine huupanga mwendo wa mguu na wa gongo kwa wakati usiokuwa ule wa mbele ya mrushaji wa kweli. Siku hizi imepatikana mashine ya Kikanada iitwayo Trajekt Arc, inayoonyesha picha ya mrushaji fulani kwenye kioo na kuutoa mpira kwa kasi na mzunguko wake hasa, na timu kubwa za Marekani huitumia; hiyo ni kweli dawa ya ugonjwa huu, lakini ni dawa ya matajiri, na mtoto aliye uani kwao haimfikii.

Je, basi, chombo chetu kitupwe? Hasha. Ushahidi ule wahusu elimu ya jicho na shauri, yaani kuutambua mpira na kuamua. Kabla ya elimu hiyo iko elimu ya mwili, ya kuujua mwendo wa kiuno, bega na kifundo cha mkono hata usihitaji tena kufikiriwa, na kwa elimu hiyo mpira usiobadilika ni msaada, kama mistari ya daftari ilivyo msaada kwa mtoto anayeanza kuandika. Kosa ni kudumu kuandika juu ya mistari miaka kumi. Na hata kwa chombo kile kile, mwenye akili aweza kujiletea mchanganyiko asioupewa na mashine: akisogea nusu hatua mbele, mpira huwa wa nyuma, akisogea karibu, mpira huwa wa ndani, akikiinamisha chombo kwa kipande cha ubao, kimo hubadilika. Abadilishe kila baada ya mipira mitatu minne, wala asiridhike na uzuri wa mapigo ya papo hapo, kwani jaribio lile limetufundisha kwamba mazoezi yaliyopangwa kwa utaratibu hayamfai mtu kama yaliyochanganywa.

Mfano wa ajabu wa jambo hili ni Don Bradman, Mwaustralia aliyemaliza mechi zake za kimataifa za kriketi kwa wastani wa 99.94, ambao hakuna aliyeukaribia. Alipokuwa mtoto kule Bowral hakuwa na mwenzi wa kucheza naye nyumbani, wala chombo chochote. Alichukua mpira mdogo wa gofu na kijiti cha kriketi, akawa anautupa mpira kwenye msingi wa matofali wa tangi la maji na kuupiga unaporudi. Kijiti kilikuwa chembamba kuliko gongo, mpira ulikuwa mdogo kuliko ule wa kriketi, na matofali hayakuurudisha mahali pamoja mara mbili. Hakujua kwamba alikuwa amejijengea, kwa umaskini wa vitu, shule ambayo wataalamu wangekuja kuitolea sababu miaka mingi baadaye. Upweke wake haukumdhuru kwa sababu ukuta wake haukuwa mwaminifu.

Wala si kila mwenye kutumia mashine yu mpweke. Ichiro Suzuki, ambaye mwaka 2004 alipata mapigo 262 katika msimu mmoja wa besiboli na kuivunja rekodi ya George Sisler ya 257 iliyodumu tangu mwaka 1920, alilelewa mbele ya mashine za kituo cha kupigia mipira huko Toyoyama karibu na Nagoya, akaenda huko siku baada ya siku hata mwenye mahali pale akaikaza mashine irushe kwa kasi kupita desturi. Lakini kila alipokwenda, baba yake alikuwa nyuma yake, akiitazama mipira na kumwambia ipi angeiacha. Mashine ilirusha, mtu alifundisha.

Kwetu Afrika ya Mashariki mchezo huu bado ni mchanga, ila si mgeni tena. Vijana wa Lugazi, Uganda, mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko South Williamsport, Pennsylvania, na Shule ya Sekondari Azania ya Dar es Salaam ina uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Dennis Kasumba, Mganda mwingine, alijulikana ulimwenguni kwa picha za mazoezi yake ya matairi na vifaa vya kuokoteza, na mwaka 2023 akapata nafasi katika timu ya Frederick Keys ya Maryland. Fundi wa baiskeli wa Kampala au wa Kariakoo mwenye kamani, kipande cha bomba na wenzo wa mbao aweza kabisa kuunda chombo cha kurushia mpira, kwani nimekwisha kuonyesha kwamba nishati yake haifiki jouli mbili. Nawasihi watakaokiunda wasiufiche wenzo.

Hadhari zake ni chache na hazina mjadala: chombo kikae mbele kwa mshazari ambako mpira uliopigwa hauendi, wavu uwe mzima, mpigaji avae kofia ngumu, na mpira ukikwama mtu asiinamishe uso juu ya kikombe wala asitie kidole kabla ya kuizima mota na kuilegeza kamani.

Na kwako mzazi uliyekinunua au unayekusudia kukinunua, nina neno moja. Siku uliyochoka, au uliyo safarini, mwachie mwanao chombo, nacho kitamtumikia kwa uaminifu. Siku uliyo nyumbani na jua limepoa, kizime, pindua ndoo, ukae, umwonyeshe mpira, uushushe mkono wako kidogo, kisha umrushie.